Mwalimu Aliyefukuzwa kwa Somo la Maua



Jamaa wa msikiti wanapoketi kupanga matumizi yao, mazungumzo hufuata mkondo uliozoeleka. Huanzwa na bati lililotoboka, yakafuata mazulia yaliyochakaa na kipaza sauti kinachokoroma, na mwisho kabisa, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao mlangoni, mmoja hukumbuka kuuliza: na mwalimu wa watoto je? Jibu hulijua kila mtu. Mwalimu atavumilia. Mwalimu ni mtu wa subira, naye amezoea.

Mwezi huu tumeona tuliseme jambo hili kwa njia ya kuzunguka. Hatutamtaja mwalimu yeyote wa hapa kwetu wala kamati yoyote, kwa kuwa mfano wa karibu huchoma, na aliyechomwa hasikii tena. Tutakwenda mbali, mpaka Ufaransa ya kusini katika karne ya 19, tumtazame mwalimu aitwaye Jean-Henri Fabre, aliyezaliwa Desemba 1823 na kufariki Oktoba 1915. Hakuwa Mwislamu, wala hatumleti hapa kwa ajili ya dini yake. Tunamleta kwa sababu alifundisha kwa karibu miaka 30, zaidi katika miji midogo. Akalipwa kidogo, akajifunza mengi kuliko waliomlipa. Na mwishowe akatolewa katika nyumba aliyopanga, kosa lake kubwa likiwa kwamba aliwaeleza wasichana jinsi ua linavyopata mbegu. Waliomtoa walikuwa watu wa ibada. Hapo ndipo habari yake inapotuhusu.

Babu na bibi yake walikuwa wakulima wasiojua kusoma, katika nyanda za juu za Aveyron, mahali pa baridi kali na ardhi haba, wakifuga kondoo na ng'ombe. Wazazi wake walikaa katika kijiji cha Saint-Léons, na ufukara uliwabana kiasi cha kumpeleka mtoto akalelewe shambani kwa wazee, ili nyumbani lipungue tumbo moja la kulisha. Huko shambani, akiwa na umri wa miaka mitano au sita, alifanya jaribio lake la kwanza la elimu. Alisimama akilielekea jua, akajiuliza: mwanga huu ninaupokea kwa mdomo au kwa macho? Akafumba macho, akaacha mdomo wazi, jua likatoweka. Akafumba mdomo, akafumbua macho, jua likarudi. Akarudia ili awe na hakika. Jioni alipowaeleza wa nyumbani alichogundua, walimcheka.

Tumeisoma habari hii mara nyingi na kila mara imetusimamisha. Ni watoto wangapi wa wakulima waliopata kusimama shambani wakiuliza swali kama hilo, wakachekwa, na kicheko kile kikawa ndiyo shule yao ya mwisho?

Shule ya kijiji aliyorudi kuianza ilikuwa chumba kimoja tu, nacho kilikuwa darasa, jiko, chumba cha kulala cha mwalimu, na njia ya kuku. Mwalimu wake alikuwa pia kinyozi, mpiga kengele, mwimbaji wa kanisa, na msimamizi wa mali za tajiri asiyeishi pale. Alipokuwa mzee, Fabre alimkumbuka kwa upole, akasema kwamba alikuwa mtu mwema aliyepungukiwa kitu kimoja tu ili awe mwalimu bora, nacho ni muda. Nasi twaongeza: kazi zile nyingine hakuzitafuta kwa kuzipenda. Mwalimu asiyelipwa ipasavyo hugawa siku yake vipande vipande, na kipande cha watoto ndicho kinachobaki chembamba kuliko vyote. Tunaye leo mwalimu anayefundisha asubuhi, anauza duka mchana, na jioni yuko juu ya pikipiki akibeba abiria. Kisha twamlaumu kwamba watoto hawasomi.

Wazazi wa Fabre walijaribu biashara ya mkahawa mjini Rodez, wakahama mji hata mji wakiifuata riziki isiyokamatika. Kijana akalazimika kujitafutia. Aliuza malimau katika soko la Beaucaire, akafanya kibarua kwenye ujenzi wa reli iliyokuwa ikitandazwa kutoka Beaucaire kwenda Nîmes. Mwaka 1840 alishinda mtihani wa nafasi ya kusomeshwa bure katika chuo cha ualimu cha Avignon, na mwaka 1842, kabla hajatimiza miaka 19, akapelekwa kufundisha katika mji mdogo wa Carpentras. Mshahara wake ulikuwa faranga 700 kwa mwaka.

Miongoni mwa masomo aliyofundisha lilikuwamo la upimaji wa ardhi. Akawatoa vijana nje ya mji, kwenye uwanda wa mawe, ili wapime kwa kamba na vigingi. Kila alipomtuma mmoja kusimika kigingi mbali, alimwona anainama, anaokota jiwe, anasahau kazi. Alipochunguza, akagundua kwamba nyuki wa aina fulani hujenga vyumba vya udongo juu ya mawe yale, na vijana walikuwa wakifyonza asali kwa unyasi. Mwalimu mwingine angechukua fimbo. Yeye aliionja asali, kisha akawa mfuasi wa wanafunzi wake. Nyuki yule alikuwa mwashi, naye akataka kumjua. Mjini palikuwa na kitabu kizuri cha wadudu, bei yake ikiwa sawa na mshahara wake wa mwezi mzima. Akakinunua. Mhasibu yeyote angesema ni upumbavu, na huenda mhasibu angekuwa sahihi kwa mwezi ule mmoja.

Kuna kisa kingine cha siku zile ambacho tungependa kila mwalimu akisome. Alikuja kijana mmoja akitaka kufundishwa aljebra kwa ajili ya mtihani wa kazi ya barabara na madaraja. Fabre hakuijua aljebra hata kidogo. Alikuwa na nafasi ya kusema sijui, naye alijua kwamba neno hilo si aibu. Lakini aliona mlango umefunguka ambao hautafunguka mara ya pili, akamwambia kijana arudi keshokutwa. Kisha akaingia katika chumba cha mwenzake aliyekuwa hayupo, akaazima kitabu pasipo mwenyewe kujua, akakesha nacho. Siku ilipofika, mwalimu alikuwa mbele ya mwanafunzi kwa hatua moja tu, nao wakaendelea hivyo, mmoja akijifunza usiku ili amfundishe mwenziwe mchana, hata kijana akafaulu mtihani wake. Kuhusu kuchukua kitabu bila ruhusa hatuna la kumtetea, na yeye mwenyewe alikiungama kitendo hicho kama wizi. Lakini yale mengine ndiyo ualimu wenyewe. Kwa njia hiyo hiyo ya kukesha peke yake alipata shahada ya hisabati mwaka 1847 na ya fizikia mwaka uliofuata, bila kuketi mbele ya mhadhiri.

Mwaka 1849 alihamishiwa Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica, kufundisha fizikia. Huko alikutana na mtaalamu wa mimea, Alfred Moquin-Tandon, ambaye siku moja alichukua mkasi na sindano kutoka kikapu cha ushonaji, akamweka konokono katika sahani ya maji, akampasua huku akimweleza kila kiungo. Fabre alisema baadaye kwamba hilo ndilo somo pekee la elimu ya viumbe alilopata kufundishwa maishani mwake. Mengine yote alijifunza mwenyewe. Homa za kisiwani zilimdhoofisha, na mwaka 1853 akarudi bara, akaajiriwa katika shule ya sekondari ya Avignon. Alikaa hapo mpaka mwaka 1870, pasipo kupandishwa cheo. Alikuwa na mke na watoto, na mshahara wa faranga 1,600 ambao, kwa maneno yake, haukufikia ujira wa mtunza farasi katika nyumba ya tajiri.

Sasa tazama mtu huyo alifanya nini kwa saa zilizobaki baada ya kufundisha.

Jioni moja ya majira ya baridi, mwaka 1854, alikuwa akisoma kando ya jiko makala ya tabibu mashuhuri, Léon Dufour, kuhusu nyigu mmoja anayechimba shimo ardhini na kuweka ndani yake mbawakawa, wawe chakula cha watoto wake. Dufour alikuwa ameona ajabu: mbawakawa wale hukaa wiki kadhaa bila kuoza. Akahitimisha kwamba nyigu huwaua, kisha huwatia dawa ya kuwahifadhi. Fabre akaenda kutazama mwenyewe nyigu wa jamaa ile ile. Alilala kifudifudi mchangani akingoja. Akawatoa mbawakawa shimoni, akaona kwamba bado wanatoa kinyesi. Akawagusa kwa umeme wa betri, miguu ikatikisika. Basi hawakuwa wafu. Nyigu alikuwa amewachoma mahali pamoja kifuani, panapokusanyika vifundo vya mishipa ya fahamu, akawapoozesha ili nyama yao ikae hai mpaka itakapoliwa. Ili kuthibitisha, Fabre akachukua mbawakawa wazima, akawachoma mahali pale pale kwa ncha iliyotiwa tone la amonia, nao wakapooza vivyo hivyo.

Mwaka 1855 aliyachapisha hayo, na mwaka uliofuata akapewa tuzo na taasisi ya elimu ya Paris. Na Dufour je, mzee mwenye jina, aliyesahihishwa na mwalimu wa mkoani asiyejulikana? Alimwandikia barua ya kumtia moyo aendelee. Tungeomba wanazuoni wetu wote wawe na kifua kama hicho. Nasi tunakiri kwamba tumewaua nyigu wengi chini ya mapaa yetu kwa ufagio, bila kujiuliza hata mara moja wanachobeba miguuni ni nini. Qur'ani ina sura ya Nyuki, sura ya Sisimizi na sura ya Buibui. Twazisoma kwa tajwidi nzuri, kisha twachukua ufagio.

Mwaka 1865 alipata mgeni. Viwavi wa hariri walikuwa wakifa kwa maradhi, na wafugaji wa kusini walikuwa wanafilisika. Serikali ilimtuma Louis Pasteur, mwanasayansi mkubwa wa nchi, naye akafika kwa mwalimu wa Avignon kuuliza. Pasteur alikuwa hajapata kushika kifukofuko cha hariri. Fabre alimletea, akakitikisa sikioni, akasema kwa mshangao kwamba kuna kitu ndani. Fabre akamweleza kwamba ni pupa, kiwavi anayegeuka kuwa nondo. Mtu aliyekuja kuokoa hariri ya Ufaransa alianzia hapo, na baada ya miaka michache kweli alipata njia ya kuyatambua mayai yenye ugonjwa. Fabre hakumdharau. Alistaajabu kwamba mtu anaweza kuingia vitani akiwa mtupu kiasi kile, akashinda kwa sababu anajua namna ya kuuliza.

Alitamani kufundisha chuo kikuu. Mkaguzi mmoja aliyempenda alimuuliza kama ana mali yake mwenyewe, kwani wadhifa ule ulihitaji mtu wa kujikimu. Hakuwa nayo. Basi akaamua kuitafuta. Eneo la Avignon lilikuwa na mashamba makubwa ya garance, mmea ambao mizizi yake hutoa rangi nyekundu ya kutilia nguo. Fabre akatumia jioni na siku za mapumziko akitafuta njia ya kuitoa rangi hiyo ikiwa safi, akafanikiwa, kiwanda kikawa tayari kuanza. Hapo hapo, mwaka 1868 na 1869, wakemia wa Kijerumani Graebe na Liebermann wakapata njia ya kutengeneza rangi ile ile maabarani kutokana na lami ya makaa ya mawe. Miaka ya kazi ikaanguka kama nyumba ya udongo katika masika. Wakulima wa garance nao wakaangamia pamoja naye, jambo ambalo vitabu vya sayansi hulipita haraka.

Katika miaka hiyo, waziri wa elimu wa Ufaransa, Victor Duruy, alikuwa akisukuma mageuzi: madarasa ya jioni kwa watu wazima, na masomo ya sekondari kwa wasichana, ambayo nchi haikuyazoea. Alikuwa amemwona Fabre kazini, mikono ikiwa myekundu kwa rangi, akampenda. Mwaka 1868 akampatia nishani na kumfikisha mbele ya mfalme Napoleon III mjini Paris. Fabre akarudi Avignon haraka, kwa kuwa Paris haikumkalia vizuri, akaanza kufundisha bure katika jengo la zamani la Saint-Martial. Watu walijaa. Walikuja wakulima, wafanyakazi na wasichana wa mji, wakasikiliza habari za hewa, maji, radi, mimea na wadudu.

Katika somo la mimea alieleza chavua. Alieleza kwamba ua lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike, kwamba chavua hutoka huku ikaenda kule kwa upepo au kwa miguu ya nyuki, na kwamba bila hivyo hakuna tunda. Wasichana walikuwamo darasani. Hilo likawa fitina. Watu wa kanisa waliokuwa tayari wanampinga Duruy wakapata walichokitafuta: mwalimu anawafundisha mabinti mambo machafu. Duruy alikuwa ameshaondoka wizarani mwaka 1869, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkinga. Nyumba aliyopanga ilikuwa ya wanawake wawili wazee, ndugu, wachaji sana. Wakashawishiwa. Mwaka 1870 wakampa notisi ya mwezi mmoja atoke, yeye, mke wake na watoto. Mkataba wa maandishi hakuwa nao. Vita vya Ufaransa na Prussia vilikuwa vimeanza, na fedha alizokuwa akidai kwa vitabu vyake huko Paris zisingeweza kumfikia.

Aliyemwokoa alikuwa Mwingereza, John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyekuwa na nyumba Avignon kwa kuwa mkewe alizikwa huko. Walizoea kutembea pamoja wakikusanya mimea. Fabre alimwandikia, Mill akamtumia faranga 3,000, bila dhamana, bila hati. Fabre aliirudisha yote mara alipoweza. Lakini aliacha kazi ya shule, akahamia mji wa Orange, na hakurudi tena darasani.

Hapa tunaomba tusimame kidogo. Wanawake wale wawili hawakuwa waovu. Twaamini waliifunga milango yao usiku ule wakijiona wameihifadhi dini. Hilo ndilo linalotutisha. Mwizi anajua kwamba ameiba. Lakini mcha Mungu anayemfukuza mwalimu hulala usingizi mwororo. Hofu ya aina hii hatuhitaji kupanda meli kwenda Avignon kuiona. Wako miongoni mwetu akina baba wanaomtoa binti katika darasa la biolojia mara linapofika somo la uzazi wa viumbe, au wanaomkemea mwalimu wa kike aliyejibu swali la mtoto kwa ukweli. Tunawauliza kwa heshima: yule binti wa mkulima hajaona mbelewele za mahindi zikimwaga unga wake juu ya ndevu za magunzi? Hajaona jogoo? Wakulima wa vanila kule Kagera huchavusha ua moja moja kwa mkono kila asubuhi katika msimu wake, na wengi wa wanaofanya kazi hiyo ni wanawake. Hakuna aliyeharibika kwa kuliangalia ua. Haya ya binti hailindwi kwa kumnyima jina la kitu ambacho macho yake yamekiona tangu utoto. Na binti asiyelijua jina la jambo hashindwi tu kulisoma, hushindwa pia kulishtakia anapofanyiwa.

Tusidhani kwamba waliomfukuza Fabre walimfukuza asiyeamini. Alikuwa mtu aliyemwona Muumba katika kila alichokichunguza, hata akakataa nadharia ya Charles Darwin ya viumbe kubadilika toka umbo hadi umbo. Katika hilo wanabiolojia wa leo wako upande wa Darwin, nasi si haki tulifiche ili mfano wetu upendeze. Lakini tazama namna walivyohitilafiana. Darwin alimsifu katika vitabu vyake kuwa mtazamaji asiye na mfano, akamwandikia barua kumpendekezea jaribio la kuwazungusha wadudu ndani ya kisanduku kabla ya kuwaachia, ili ijulikane kama watapotea njia. Fabre alilifanya jaribio hilo kwa nyuki waashi, nao wengi wakarudi kwao. Darwin alifariki mwaka 1882, na mpinzani wake aliendelea kumtaja kwa heshima. Hakuna aliyemwita mwenziwe kafiri wala mjinga.

Huko Orange aliishi kwa kuandika vitabu vya shule, vingi mno, vya kemia, kilimo, nyota na kazi za nyumbani, kwa lugha ambayo mtoto wa shamba angeielewa. Mwaka 1877 alimzika mwanawe Jules, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akimfuata porini kuwatafuta wadudu. Kitabu chake kikubwa kilipoanza kutoka mwaka 1879 alikitabaruku kwa mtoto yule, na nyigu kadhaa waliokuwa hawajapewa jina akawapa jina lake. Mwaka huo huo, kwa fedha za vitabu vya shule, alinunua kijishamba kilichoachwa kando ya kijiji cha Sérignan: mawe, michongoma, ardhi isiyofaa kwa kilimo. Mtoto wa wakulima alinunua shamba ambalo mkulima yeyote angelikataa, kwa sababu wadudu walilipenda. Alikuwa na miaka 55, na alikuwa akikitamani kitu hicho kwa miaka 40.

Juzuu kumi aliziandika hapo, ya mwisho ikatoka mwaka 1907. Tutataja jambo moja tu kutoka humo. Kuna viwavi wa misonobari watembeao kwa safu, kila mmoja akiugusa mkia wa aliye mbele na kufuata uzi wake. Mwishoni mwa Januari 1896 safu moja ilipanda kwenye ukingo wa chungu cha maua. Fabre alingoja mpaka duara limefungika, akawaondoa waliozidi, akafuta nyuzi za njia ya kupandia. Sasa hapakuwa na wa mbele wala wa nyuma. Kila mmoja alikuwa kiongozi na mfuasi. Wakazunguka. Usiku baridi iliwasimamisha, mchana wakaendelea, pasipo kula, kiota chao kikiwa karibu. Wakazunguka siku saba. Tulipoisoma habari hii mara ya kwanza tulicheka, kisha tukanyamaza.

Sisi Waswahili tuna heshima moja ambayo mataifa mengi hawana. Neno mwalimu kwetu ni cheo. Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, na bado mpaka alipofariki mwaka 1999 watu hawakuona jina la kumtukuza kupita lile la kazi yake ya kwanza. Heshima hiyo ni nzuri, nayo haigharimu kitu, na huenda ndiyo sababu tunaitoa kwa ukarimu. Katika kikao kijacho cha kamati, tunaomba jina la mwalimu lisomwe kabla ya bati.

Ufaransa ilimkumbuka Fabre akiwa na miaka 86. Mwezi Aprili 1910 wasomi walikwenda Sérignan kumfanyia sherehe. Vitabu vyake vikaanza kuuzwa, na serikali ikampa posho. Macho yake yalikuwa yamechoka. Fedha ambazo watu wasiomjua walimtumia kwa kumhurumia alizirudisha kwa wenyewe.

Chumba chake cha kazi kimehifadhiwa, na nyumba yote ni mali ya umma. Vitabu vile aliviandika juu ya kijimeza cha mbao, kidogo mno, chenye nafasi ya karatasi moja na chupa ya wino, ambacho mtu angekibeba kwa mkono mmoja. Alikuwa nacho tangu siku za kukesha na hisabati. Uzeeni aliandika kukihusu, akajiuliza baada yake kitauzwa kwa senti ngapi na kitawekewa nini juu, mtungi au kabichi. Akaeleza pia kwamba ndani ya mbao zake wamo wadudu wanaoitoboa, na kwamba akiandika huwasikia wakitafuna.